Jua apt-get itakula MB ngapi kabla bando halijakata

Maabara ninayoitunza hapa Tanga ina kompyuta 12 zenye Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), na intaneti yake ni bando la simu yangu. Siku moja nilianza kupakua LibreOffice, programu za kazi za ofisi, nikaenda kufundisha kipindi. Niliporudi, bando lilikuwa limekata na sikujua tumefika wapi. Tangu siku hiyo natumia apt-get, amri ya Debian ya kupakua na kusakinisha programu, hivi:

`sudo apt-get --download-only install libreoffice`

Kabla hujabonyeza Y, soma mstari wa `Need to get`. Ukiona namba moja, hizo ndizo MB zitakazoliwa. Ukiona mbili, mfano `61.2 MB/148 MB`, ya kwanza ndiyo iliyobaki kupakuliwa. Ya pili ni jumla yote, na tofauti kati yake tayari ipo kwenye diski. Linganisha na salio lako. Mstari wa `After this operation` unahusu nafasi ya diski, hauhusu bando, na wanafunzi wangu huuchanganya kila muhula.

Upakuaji ukianza, chini utaona kitu kama hiki:

`18% [4 libreoffice-core 3,210 kB/31.9 MB 10%]   95.4 kB/s 5min 12s`

Asilimia ya kushoto ni ya kazi yote. Iliyo ndani ya mabano ni ya faili moja tu. Usikate tamaa kwa 10% ya ndani, wala usishangilie 99% yake. Mwishoni kuna kasi na muda uliobaki. Huo muda hupanda na kushuka pamoja na mtandao, kwa hiyo mimi huangalia kasi. Ukikuta `Waiting for headers`, seva bado haijajibu, subiri kidogo.

Usiongeze `| tee` (ya kuhifadhi matokeo kwenye faili) mwishoni mwa amri, asilimia zitapotea.

Bando likikaribia kuisha, bonyeza Ctrl+C bila hofu. Kilichopakuliwa nusu kinakaa `/var/cache/apt/archives/partial`, nawe ukirudia amri ileile kinaendelezwa. Ila tafadhali, usiendeshe `apt-get clean` katikati: itafuta vyote, na MB ulizolipia zitakuwa zimekwenda bure.

Vikikamilika, zima hotspoti kisha sakinisha:

`sudo apt-get --no-download -o Dpkg::Progress-Fancy=1 install libreoffice`

Mstari wa maendeleo utakaouona sasa ni wa usakinishaji, hauli bando hata kidogo. Mimi hunakili faili za `.deb`, yaani vifurushi vya programu vilivyopakuliwa, kutoka `/var/cache/apt/archives` kwenye flashi, nikazipeleka kwenye kompyuta 11 zilizobaki, zote zikiwa na toleo lilelile la Debian.