Mtihani wa IBPS: adui ni saa, si hesabu

Kwa mnaojiandaa na mtihani wa IBPS (taasisi inayosimamia mitihani ya ajira za benki) wa kuajiri maofisa wa benki India: si lazima uwe umesoma biashara au uhasibu. Shahada ya fani yoyote inakubalika, na hesabu nyingi za awamu ya kwanza ni asilimia, uwiano na riba, mambo ya sekondari. Kinachoangusha watu ni muda. Maswali 100 kwa dakika 60, na kila sehemu kati ya tatu ina dakika zake 20. Ukimaliza Kiingereza mapema, huwezi kuhamishia muda uliobaki kwenye hesabu. Fanya mazoezi kwa saa, tena uzoee kuruka swali linalokung'ang'ania (wenye kichwa kizuri ndio hushindwa hili).

Halafu kuna ule ushauri wa "jaza yote". Jibu kosa linakukata robo ya alama za swali. Penye machaguo matano, kubahatisha ovyo hakukupi faida; ukishaondoa mawili, jaribu.

Na alama za awamu ya kwanza hukuvusha tu kwenda mtihani mkuu, hazihesabiwi mwishoni. Usisubiri matokeo yake ndipo uanze kuusomea huo mkuu.