Kupishana salama angani kati ya Tanga, Pemba na Dar: kwa marubani wa ndege ndogo

Ndege mbili zikigongana angani, si lazima mmoja awe amepotea. Huenda wote wawili walikuwa kwenye njia yao barabara. GPS nayo imezidisha hatari hii: zamani rubani aliyetoka Dar angeyumba maili moja huku au kule, leo kila mtu anapita juu ya mstari uleule, tofauti ni mita chache. Kwa hiyo hatua zote hizi zina shabaha moja tu, usiwe mahali ambapo mwenzako naye ana haki ya kuwapo.

Hatua ya 1: Panga kimo ungali chini

Unaporuka kwa kuona, juu ya futi 3,000, uelekeo wa dira kuanzia 000 hadi 179 unachukua elfu witiri na kuongeza 500: futi 3,500 au 5,500. Kuanzia 180 hadi 359 ni elfu shufwa: 4,500 au 6,500. Mwongozaji wa ndege wa ardhini akikupa kimo kingine, fuata chake.

Tanga kwenda Pemba haina utata. Kwenda ni witiri, kurudi ni shufwa. Mtego uko pwani. Ukikata moja kwa moja hadi Dar, uelekeo wako uko chini kidogo ya 180, kwa hiyo witiri. Lakini ukiambaa na ufukwe, Pangani iko kusini-magharibi kidogo mwa Tanga, na mpaka Saadani unakuwa umevuka 180: shufwa. Toka Saadani hadi Bagamoyo ufukwe unarudi mashariki, na wewe unarudi witiri. Kwa hiyo mazingira ya Saadani ni mahali pa kupanda na kushuka, tena kwa watu wa pande zote mbili. Mimi siambai. Nanyoosha, nashika kimo kimoja, abiria wa kutazama mbuga watanisamehe.

Hatua ya 2: Toka kwenye mstari

Sogea maili moja kulia kwa mstari wa GPS. Anayekuja naye akisogea kulia kwake, mnapishana kwa maili mbili hata kama mmoja wenu amekosea kimo. Haigharimu mafuta ya kuzungumzia.

Hatua ya 3: Sema redioni kitu kinachoonekana

Lugha ya redio umefundishwa darasani. Nazungumzia kilichomo ndani yake. "Niko juu ya bahari" si mahali. "Juu ya mdomo wa Mto Pangani, futi 4,500, naelekea kusini" ni mahali. Taja na dakika utakayofika uwanjani. Kisha nyamaza usikilize, maana wengi wakishasema huona kazi imekwisha.

Hatua ya 4: Tazama kwa vipande

Ndege mbili ndogo aina ya Caravan zinazokutana uso kwa uso, kila moja ikienda takriban kilomita 300 kwa saa, zinakula kilomita 10 kwa dakika. Kuona, kutambua, kuamua na ndege kuitika huhesabiwa sekunde 12 na nusu. Hapo mmeshakaribiana kilomita 2.

Gawa anga vipande vya nyuzi 10, tua macho kila kipande angalau sekunde moja. Macho yanayotembea bila kutua hayaoni kitu. Ndege inayohama kwenye kioo itapita zake. Ya kuogopa ni ile doa dogo lililoganda sehemu moja ya kioo, halitikisiki, linakua tu. Hiyo inakuja kwako. Mkiwa uso kwa uso, wote geukeni kulia. Mkikatizana, aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayempisha.

Sogeza na kichwa: nguzo ya kioo inaficha ndege nzima. Bawa la Caravan liko juu, kwa hiyo kabla ya kugeuka linyanyue kidogo uchungulie upande unaokwenda. Asubuhi ukienda Pemba jua liko usoni. Anayetoka huko amelipa mgongo, anaweza kukuona kabla hujamwona. Washa taa za kutulia.

Hatua ya 5: Transponda (kifaa cha ndege kinachojibu rada) iwe inatuma kimo

Caravan haifikii tani 5.7 wala abiria zaidi ya 19, hivyo kanuni za kimataifa haziilazimishi kubeba TCAS, mtambo unaomwonya rubani kuhusu mgongano na kumwambia apande au ashuke. Ndege kubwa zinayo, lakini inaiona transponda yako, haikuoni wewe. Tarehe 29 Septemba 2006 juu ya Brazil, Boeing 737 na ndege ndogo ya Legacy zilikutana futi 37,000. Transponda ya Legacy haikuwa ikituma. Watu wote 154 wa Boeing walikufa.

Na siku utakapohamia ndege kubwa: TCAS ikisema panda, panda, hata mwongozaji akisema shuka. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, Tupolev iliambiwa na mwongozaji ishuke, TCAS yake ikaiambia ipande. Ikaendelea kushuka. Boeing 757 ya mizigo ilikuwa inashuka kwa amri ya TCAS yake. Walikufa watu 71.

Hatua ya 6: Mkikoswakoswa, ripoti

Toa taarifa redioni palepale. Ukishatua, andika siku hiyohiyo: saa, kimo, uelekeo, hali ya jua na mawingu, ulichokiona kwanza, nani alikwepa. Hifadhi na njia iliyorekodiwa kwenye GPS kabla haijafutwa na safari ya kesho.