Jinsi ya kufuatilia kuumbika kwa neva katika kiinitete cha samaki

Samaki pundamilia hutaga mwanga unapoingia, na kwa mwalimu wa Mombasa hilo ni faida kubwa. Ukiwasha taa ya tangi saa kumi na mbili asubuhi, hesabu yetu ya saa inakuwa takriban umri wa kiinitete: saa sita mchana kina saa sita, saa kumi jioni kina saa kumi.

Jioni iliyotangulia, tandaza gololi chini ya tangi ili mayai yapenye katikati yake, kwani wazazi huyala. Usitumie maji ya kisima, ambayo hapa kisiwani yana chokaa na mara nyingi chumvi. Tumia ya mfereji yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke. Joto linalofaa ni nyuzi 28.5. Wakati wa Kaskazi chumba hukaribia joto hilo chenyewe, lakini wakati wa Kusi utahitaji hita.

Saa sita mchana, tazama yai kwa hadubini. Seli zimefunika nusu ya kiini cha yai (sehemu yenye akiba ya chakula), na upande mmoja wa ukingo wake kuna unene mdogo uitwao ngao. Huko ndiko mgongo utakakokuwa. Kaa hapa kwa muda mrefu, maana hapa ndipo mfumo wa neva unapoamuliwa. Protini za Bmp, zinazopeleka ishara kati ya seli na ambazo nguvu yake ni kubwa upande wa tumbo, huzielekeza seli za tabaka la nje kuwa ngozi. Ngao nayo hutoa protini ya Chordin, inayozishika Bmp kabla hazijafikia vipokezi vya seli, na seli zilizokingwa hivyo huwa bamba la neva, yaani tabaka bapa litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Wanafunzi wengi hudhani kwamba seli huamriwa kuwa neva, ilhali kwa sehemu kubwa huachwa ziwe neva kwa kuzuiwa amri nyingine. Ushahidi uko wazi: samaki asiye na Chordin hupungukiwa na tishu ya neva, na asiye na Bmp2b, mojawapo ya Bmp, huwa nayo kupita kiasi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1924, wanabiolojia Hans Spemann na Hilde Mangold walipandikiza tishu inayolingana na ngao katika kiinitete cha salamanda, na mwili wa pili ukaota tumboni.

Kichwa na mkia hupangwa na ishara nyingine: protini za Wnt na Fgf, na asidi ya retinoiki, zinazozidi kuelekea nyuma. Fikiria moshi wa udi chumbani: aliye karibu na chetezo na aliye mlangoni hawapati harufu sawa. Wnt ikizidi mbele, macho hayaoti. Asidi ya retinoiki huharibiwa na vimeng'enya vya Cyp26 upande wa kichwa, ili ubongo wa mbele usalimike. Nasihi asidi hiyo isiguswe darasani, kwani hudhuru hata mimba ya binadamu.

Saa kumi jioni kiini kimefunikwa chote na bamba limenenepa mgongoni. Usiku litazama na kuwa kijiti kigumu, ambacho baadaye hupata uwazi katikati.

Asubuhi ya pili utaona macho, mkia unaoshtuka, na mkunjo baina ya ubongo wa kati na wa nyuma, unaotoa Fgf8. Mkunjo usipoonekana, bandika unywele kwenye ncha ya kijiti cha mti, na kwa huo uligeuze yai polepole hadi kiinitete kilale ubavu.