SOMO: Kununua wembe wa kukunja kwa mara ya kwanza (soma mpaka chini kabla ya kuuliza)

Nimechoka kutumiwa picha zilizopigwa gizani na swali moja: "Ndugu, huu ninunue?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Aina. Wembe wa vinyozi wengi wa mjini unawekewa kipande cha wembe wa dukani, kikitumika kinatupwa. Mwingine una makali yake wenyewe, unanolewa na kutunzwa miaka. Somo hili ni la huo wa pili.

2. Upana. Hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Chukua 5/8 au 6/8.

3. Ncha. Ya mviringo. Ile ya pembe kali waachie waliozoea, wewe itakutoboa sikio.

4. Mpya. Majina ya zamani ni ya miji inayotengeneza nyembe: Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza na Thiers ya Ufaransa. Jina la Solingen linalindwa kisheria Ujerumani tangu 1938, ingawa mtu wa kughushi hajali sheria ya nchi ya watu. Nyembe za Gold Dollar za China ni za bei rahisi na chuma chake kinanoleka, lakini kwa kawaida zinafika bado hazijafaa ndevu. Muuzaji akisema "ni kali sana", anamaanisha inakata karatasi. Muulize nani ameunoa, kwa kinoo namba ngapi (namba ikipanda, kinoo ni laini zaidi). Akibabaika, jumlisha gharama ya kunolewa kwenye bei kabla hujatoa pesa.

5. Wa zamani. Ukiuokota soko la Owino, Kampala, kwenye rundo la vyuma au ukiuziwa na mzee wa mtaa, usiangalie mng'aro. Ulaze ubapa juu ya kioo: mgongo na makali viguse mwanzo hadi mwisho, ukicheza, umepinda. Kisha elekeza makali juu, kwenye mwanga wa jua. Makali mazima hayaonekani. Penye kidoa kinachometa pana pengo, au ni butu. Makali yakibonyea kuelekea ndani katikati, aliyeunoa aliuharibu, na kuurudisha ni kuula chuma kingi. Kutu nyekundu juu ya ubapa hufutika. Vishimo vyeusi karibu na makali ni balaa: siku kinoo kitakapofika hapo, makali yatameguka. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, rudisha. Mpini wa seluloidi (plastiki ya zamani) uliochakaa nao hutoa asidi inayokula chuma, kwa hiyo fungua uangalie pale ubapa unapolala ndani ya mpini.

6. Mkanda wa ngozi. Hapa ndipo nyembe nzuri zinakufa. Mkanda haunoi, unanyoosha makali yaliyolala, na unatumika kabla ya kila kunyoa. Uvute mkanda mpaka ukaze. Laza wembe kabisa, mgongo na makali vyote viguse ngozi, kisha usukume mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, simamisha, geuza juu ya mgongo, ndipo urudi. Ukigeuza juu ya makali unaukata mkanda na kuyafanya makali kuwa butu kwa mpigo mmoja. Mkanda ukilegea, makali yanaviringika. Na ile kasi ya kinyozi wa kwenye filamu, tak-tak-tak, iache hukohuko. Nunua mkanda wa bei ya chini kwanza, maana utaukata tu.

7. Vingine. Brashi yoyote, sabuni ya kunyolea yenye povu zito, kipande cha shabu cha kuzuia damu.

8. Kinoo. Usinunue sasa. Mpe anayejua.

MASWALI

Mgeni_Jinja: bei gani?

Mwandishi: Ya nini? Kuna vitu vitano humo.

Mgeni_Jinja: jumla

Mwandishi: Soma namba 4, halafu uje na jina la wembe.

Boda_Ntinda: Wangu mpya unakwaruza kama panga. Nimeupitisha kwenye mkanda wiki nzima.

Mwandishi: Namba 6, sentensi ya pili.

Boda_Ntinda: Nimesoma mzee, usinikasirikie. Kwa hiyo mkanda hausaidii, unataka kinoo? Kinoo kinafanya nini hasa?

Mwandishi: Hilo sasa ndilo swali. Kinoo cha 1000 kinajenga makali: pande mbili zinakutana kwenye mstari mmoja. Vya 4000 na 8000 vinafuta mikwaruzo ya cha kwanza. Cha 12000 kinalainisha. Pande zisipokutana kule kwenye 1000, kwa hivyo vingine unang'arisha ubutu tu. Wako nadhani haukupita hatua hiyo. Usiurudishe usoni mpaka unolewe.

Mama_Bombo: Nataka kumnunulia mume wangu. Ana vipele vya ndevu shingoni. Vitaisha?

Mwandishi: Shikamoo mama. Siwezi kukuahidi. Ndevu zinazojiviringa zikikatwa chini ya usawa wa ngozi hurudi kuchoma ndani, na wembe huu unaweza kukata karibu sana. Faida yake ni kwamba anaweza kuudhibiti: apite mara moja tu, akifuata ndevu zinakolala, asiivute ngozi sana, aridhike na kubakiza kidogo. Aweke kitambaa cha moto kwanza. Vikiwa na usaha, asinyoe, aende kwa daktari.

Kinyozi_Kisenyi: Naweza kuwanyolea wateja kwa wembe huu?

Mwandishi: Hapana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mteja awekewe kipande kipya cha wembe wa dukani, ile aina ya kwanza ya namba 1, akione kikifunguliwa.

Kinyozi_Kisenyi: Natumbukiza kwenye Jiki.

Mwandishi: Jiki itaula wembe, nawe bado utakuwa unabahatisha na damu za watu. Nimeshajibu.

Afande_Mstaafu: Mkanda wa suruali?

Mwandishi: Ukiwa ngozi tupu, bila mshono wala rangi inayobanduka, sawa afande. Ila mingi ya siku hizi ni karatasi iliyopakwa plastiki.

Afande_Mstaafu: Mimi fundi viatu alinikatia ngozi ya ng'ombe, upana wa vidole vinne. Iko sawa mpaka leo. Ila hapa Entebbe kutu inanisumbua.

Mwandishi: Usiuache bafuni. Ukaushe, uupake mafuta ya cherehani kidogo sana. Ya kupikia yanaganda.

Kijana_Arua: Kuna mzee anauza wenye mpini wa pembe ya ndovu. Anasema ni wa Waingereza wa zamani.

Mwandishi: Hata ungekuwa wa gavana, usiuguse. Biashara ya pembe za ndovu itakufikisha kortini. Mwambie akuonyeshe wenye mpini wa mbao au pembe ya ng'ombe, na uende na kipande cha kioo.