Somo: Kumtunza farasi-bahari katika tangi la kioo

Farasi-bahari hana mbio. Kinga yake ni kutulia. Hukunja mkia kwenye nyasi za baharini, hubadili rangi ifanane na mahali aliposhika, na badala ya magamba amevikwa mabamba ya mfupa yanayomfanya kuwa mgumu kutafunwa. Macho yake huzunguka kila moja kivyake, hivyo humwona adui bila kutikisa kichwa. Mfugaji aanzie hapo.

Hatua ya kwanza ni tangi. Kimo chake kisipungue mara tatu ya urefu wa samaki aliyenyooka, kwa sababu dume na jike huinuka pamoja majini wakati jike anapomkabidhi dume mayai ayabebe mfukoni. Maji ya chumvi yazunguke kwa wiki kadhaa, hadi vipimo vya amonia na nitriti, yaani sumu zitokanazo na uchafu majini, visome sifuri, ndipo samaki aingizwe. Joto la nyuzi 22 hadi 24 huwafaa wengi.

Hatua ya pili ni vishikio: mwani, nyasi au hata matawi ya plastiki. Mdomo wa pampu ufunikwe kwa sifongo, kwani mkia ule hushika chochote.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo huwashinda wengi, ni chakula. Farasi-bahari hana meno wala mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula, kwa hiyo alishwe uduvi walioyeyushwa barafu mara mbili au tatu kila siku. Mimi huwashusha kwa mrija mbele ya pua yake. Huwakazia macho kwa muda, kisha huwavuta ghafla, na mlio mdogo husikika, "tk". Mabaki yatolewe kabla hayajaoza.

Swali: Je, nimchanganye na samaki wengine?
Jibu: Wenye kasi watamaliza chakula kabla hajageuka. Kaa na matumbawe yenye sumu wasikaribishwe kabisa.

Swali: Wangu amekuwa mweusi tangu juzi. Anaumwa?
Jibu: Rangi peke yake si ugonjwa. Tazama kama anakula na kama anahema kwa haraka. Akigoma kula, pima maji siku hiyohiyo.

Swali: Mvuvi ameahidi kuniletea aliyenaswa wavuni. Nimchukue?
Jibu: Tafadhali, usimchukue. Biashara ya kimataifa ya farasi-bahari wote imewekewa udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 2004, na waliotoka baharini mara nyingi hukataa chakula kilichogandishwa. Tafuta aliyezaliwa tangini, naye umwone akila kabla ya kulipa.