Jalidi imepiga bustani: namna ya kuisafisha bila kupoteza chakula wala kubakiza magonjwa

Mwongozo huu ni wa wanaolima mboga kwenye majimbo baridi ya Marekani, kama Minnesota, Maine na Vermont. Sehemu nyingi huko, jalidi ya kwanza huja kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na mwaka mwingine hutangulia hata wiki mbili au tatu. Asubuhi moja unakuta nyanya zimenyauka, maharage meusi, na majani ya maboga yamelala chini. Wengi hushika jembe siku hiyohiyo, wakang'oa kila kitu na kuacha udongo mtupu hadi Mei. Hiyo ndiyo kazi ya kuepuka. Anza na chakula, fuata magonjwa, malizia na udongo.

Hatua ya 1: Subiri jua lipande

Usiguse kitu asubuhi. Jani lililoganda huvunjika mkononi, na hata sukuma wiki iliyo nzima huharibika ukiichuma ikiwa bado na barafu. Rudi saa sita mchana, ndipo utajua kilichokufa na kilicho hai.

Hufa mapema: mrihani, maharage mabichi, bamia, matango, maboga, matembele, mchicha (lengalenga), nyanya, bilinganya na pilipili. Hustahimili: sukuma wiki, kabichi, spinachi, karoti, bitiruti, liki, figili. Hizi za pili ziache bustanini. Baridi huzifanya ziongeze sukari kwenye majani na mizizi ili zisigande, kwa hiyo sukuma wiki ya baada ya jalidi ni tamu kuliko ya Agosti.

Tazama pia kipimajoto kilishuka hadi wapi. Kati ya nyuzi 32 na 28 za Farenhaiti (0 hadi -2 za Selsiasi), mara nyingi huungua majani ya juu tu. Kama utabiri unaonyesha siku kumi za joto mbele, pilipili yenye majani mazima chini inafaa kuachwa, ukiifunika kwa shuka kuukuu usiku. Tumia nguo, wala si nailoni: nailoni ikigusa jani, sehemu hiyo huungua vilevile. Chini ya 28 kwa saa kadhaa, msimu wa mimea ya joto umekwisha.

Hatua ya 2: Okoa chakula, kwa mpangilio huu

Viazi vitamu ndivyo vya kwanza, hata kabla ya nyanya. Majani yakishaungua, uozo unaweza kushuka kwenye mtambao hadi kwenye kiazi. Kata mitambao yote karibu na udongo siku hiyohiyo, kisha chimba siku hiyo au kesho yake. Tumia jembe uma, uanzie sentimita 40 kutoka kwenye shina, kwa sababu ngozi yake mbichi huchubuka kirahisi. Usivioshe. Viweke mahali penye joto la nyuzi 80 hadi 85 za Farenhaiti na unyevu mwingi kwa siku 7 hadi 10: chumba kidogo chenye hita na ndoo ya maji, au karibu na tanuri la nyumba. Muda huo huponya michubuko na kuleta utamu. Baadaye viwekwe kwenye nyuzi 55 hadi 60. Friji huviharibu, vikawa na kiini kigumu kisichoiva.

Nyanya: chuma zote zilizofikia ukubwa wake, hata za kijani. Pasua moja ya kijani kwa kisu. Kisu kikikata mbegu, tunda ni changa, halitaiva, lipike likiwa bichi. Mbegu zikiteleza kwenye utelezi wake, za ukubwa huo zitaiva ndani ya nyumba. Zipange safu moja kwenye sanduku, nyuzi 65 hadi 70, bila kuhitaji jua. Ndizi mbivu pembeni huziharakisha. Tunda lenye baka linalong'aa kama kioo limegandishwa, nalo litaoza. Litupe kabla halijaambukiza mengine. Jambo moja la usalama: nyanya zilizotoka kwenye mmea uliouawa na jalidi zisihifadhiwe kwenye chupa kwa kuchemsha. Asidi yake inaweza kuwa ndogo mno kuzuia vijidudu vya sumu. Uzile mbichi, au uzigandishe kwenye friza.

Maboga: kata na kikonyo cha sentimita 7 hivi. Lililoguswa na jalidi halidumu, liliwe kwanza.

Mbegu: vichwa vya mchicha na maganda makavu ya maharage vikatwe sasa. Mbegu kavu haidhuriki na baridi. Iliyo na maji ndiyo hufa. Kata kichwa cha mchicha kwa taratibu huku mfuko wa karatasi ukiwa chini yake. Mmea mmoja una maelfu ya mbegu, na ukiutikisa bustanini utapalilia mchicha mwaka mzima ujao.

Hatua ya 3: Tenganisha mmea mgonjwa na mmea mzima

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi hukosea kwa sababu jalidi hufunika ushahidi. Kila kitu ni cheusi. Lakini jani lililouawa na baridi na jani lililouawa na ukungu havifanani ukitazama vizuri.

Jalidi huanzia juu na pembeni, kwenye majani yaliyo wazi. Jani zima hugeuka rangi moja, likalegea kwa pamoja, na majirani wa aina nyingine wanakuwa hivyohivyo. Ugonjwa wa nyanya mara nyingi huanzia chini ukapanda, na huacha alama zenye umbo. Kwa hiyo inama, fungua majani ya chini ambayo baridi haikuyafikia, na usome huko.

Ukiona baka lenye miduara ndani ya miduara, ni bakajani tangulia. Vidoa vingi vidogo vyenye kitovu cha kijivu na ukingo mweusi ni ukungu wa septoria. Yote mawili hulala kwenye mabaki ya nyanya hadi msimu ujao, kisha matone ya mvua yakarusha vijimbegu vyake kwenye majani mapya. Okota majani yaliyoanguka pia, sio mabua tu. Kuondoa mabua na kuacha majani chini ni kazi bure.

Baka kubwa kama lililoloweshwa maji, shina lenye sehemu za kahawia iliyokolea, na tunda lenye baka gumu la kahawia: hiyo ni bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Katika majimbo haya kwa kawaida hauvuki majira ya baridi kwenye jani lililokufa. Unavuka ndani ya kiazi kilicho hai. Kwa hiyo kama umelima viazi mviringo, chimbua kila kimoja, hata vile vidogo kama gololi, na usivitupe kwenye rundo la mboji ambako vinaweza kukaa na joto hadi vikachipua.

Sasa mnyauko, ambao ndio mgumu kuutambua baada ya jalidi kwa kuwa mmea wote umenyauka kwa vyovyote. Kata shina la nyanya au bilinganya sentimita tano juu ya udongo, kisha lipasue kwa urefu. Shina lililouawa na baridi tu ni la kijani au jeupe ndani, lenye majimaji. Ukikuta mistari ya kahawia chini ya ganda, kuna mnyauko wa verticillium au fusarium, na vimelea hivi hukaa udongoni miaka mingi. Huyo ang'olewe na mizizi yake, na sehemu hiyo isipandwe nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili kwa miaka minne. Ukinunua mbegu au miche, chagua aina zilizoandikwa herufi V na F, maana yake zina ukinzani. Fanya kipimo hiki kwa kila shina. Ni sekunde chache, na hakuna njia nyingine ya uhakika bila maabara.

Kisha mizizi. Ng'oa mmoja au wawili wa kila aina kama sampuli. Vifundo kwenye mizizi ya maharage vinavyobanduka kwa kidole, vyekundu kidogo ndani, ni rafiki: vinanasa naitrojeni ya hewani. Uvimbe usiobanduka kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba ni minyoo fundo. Kabichi au sukuma wiki yenye mizizi iliyojaa uvimbe mnene ina ugonjwa mbaya zaidi, ambao vijimbegu vyake huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi. Toa mzizi wote na udongo ulioshikamana nao, uutie kwenye mfuko, usafishe viatu kabla ya kuingia tuta jingine, na pandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ifike 7.2 kwa chokaa baada ya kupima udongo.

Ubwiri unga, ule weupe juu ya majani ya maboga, usikuhangaishe sana. Lakini mabaki ya maboga yaondoke yote, kwa sababu kunguni wa maboga hujificha humo hadi masika.

Wagonjwa waende wapi? Si kwenye mboji ya nyumbani. Ili rundo liue vimelea, linatakiwa lifike nyuzi 130 hadi 140 za Farenhaiti kila upande, maana yake liwe na ukubwa wa angalau mita moja kila upande, unyevu wa kutosha, na ligeuzwe mara kadhaa. Rundo la Oktoba, dogo na lenye mabua yaliyokauka, halifiki huko. Kama una pesa ya kitu kimoja cha mboji, nunua kipimajoto chenye kijiti kirefu kabla ya pipa la plastiki la kuzungusha. Pipa lile huwa dogo mno kushika joto, na linakudanganya kuwa mboji imeiva. Wagonjwa watie kwenye mifuko ya karatasi ya takataka za bustani uwapeleke kwenye kituo cha manispaa, ambako marundo makubwa hufika joto linalotakiwa; uliza kwanza kituo chenu kinapokea nini. Usichome. Miji mingi inakataza, na moshi wa mabua mabichi ni kero kwa majirani.

Mkasi nao hubeba magonjwa. Futa makali yake kwa spiriti ya asilimia 70 ukitoka kwenye mmea mgonjwa kwenda mzima, na kwa mnyauko futa kila mmea. Jiki huua pia, lakini hula chuma.

Hatua ya 4: Walio wazima, kata, usiwang'oe

Kata shina usawa wa udongo kwa mkasi wa kupogolea, mizizi iachwe ioze palepale. Inaacha njia za maji na hewa, nayo mizizi ya maharage huachia naitrojeni yake humo. Visiki vya kabichi pekee ndivyo ving'olewe hata vikiwa vizima. Mabua ya mahindi yakatekate vipande vifupi, viwavi wanaotoboa hulala ndani yake. Mashine ya kulimia haihitajiki hapa. Inavunja udongo ukawa unga, na inaamsha mbegu za magugu zilizokuwa zimelala.

Kabla hujamaliza, chora ramani ya bustani kwenye karatasi: nini kilikuwa wapi na nini kilikuwa kigonjwa. Mwezi wa Mei hutakumbuka.

Hatua ya 5: Vigingi na vizimba vya nyanya

Sugua udongo kwanza kwa brashi, kisha loweka dakika 30 kwenye sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji. Suuza, kausha.

Hatua ya 6: Funika udongo

Pima udongo sasa, sio masika. Chota sehemu kumi, kina cha sentimita 15, changanya, peleka maabara. Vyuo vikuu vya jimbo kama University of Minnesota hutoa huduma hiyo kwa malipo. Ukiagizwa chokaa, iweke sasa, inahitaji miezi kufanya kazi.

Halafu chagua kimoja. Tuta la kitunguu saumu: panda Oktoba kabla udongo haujaganda, punje sentimita 5 chini na 15 kutoka moja hadi nyingine, ncha juu. Tuta la kupandwa mapema masika: majani makavu yaliyokatwakatwa kwa mashine ya nyasi, unene wa sentimita 10 hadi 15. Majani mazima hushikamana yakawa mkeka unaozuia maji, kwa hiyo usiruke kuyakatakata. Tuta kubwa lililo wazi: nafaka ya rai, kilo 1 hadi 1.5 kwa mita za mraba 100, ambayo huota hata kwenye baridi ya Oktoba, ila masika uikate wiki mbili au tatu kabla ya kupanda.

Nyasi za kulishia mifugo usizitumie kama matandazo. Zina mbegu, na nyingine zimepuliziwa dawa ya magugu inayoua nyanya na maharage mwaka unaofuata. Chukua mabua makavu ya ngano.

Karoti na liki zilizobaki zifunike kwa sentimita 30 za majani, utachimba hadi Desemba.

Hatua ya 7: Maji

Chomoa mpira wa maji kwenye bomba la nje, umwage wote. Hata bomba linalouzwa kuwa haligandi hupasuka likiachwa na mpira, kwa sababu maji hunaswa ndani. Funga koki ya ndani ya nyumba, fungua bomba la nje litoe maji yaliyobaki, na uliache wazi. Pasipo na koki ya ndani, funga bomba na ulivishe kifuniko cha povu kabla ya Novemba.