Dume aliyevimba korodani: usimrudishe kwa majike kabla ya siku 70

Dume anavimba korodani, mfugaji anamchoma OTC (dawa ya kuua bakteria), baada ya wiki uvimbe unashuka, na jioni hiyohiyo dume anaachiwa majike. Baadaye napigiwa simu: "Afisa, ng'ombe wangu wanarudia tu." Yaani wanapandwa, hawashiki mimba, wanaingia joto tena. Kila kurudia ni siku 21. Wakirudia mara tatu, miezi miwili ya mimba imekwenda, na maziwa yake pia. Msimu huu nimelisikia hili mno, kwa hiyo leo naandika hili tu.

Mbegu za kiume huanza kutengenezwa dume anapobalehe, wakati kinga ya mwili ilishajifunza kitambo kipi ni chake na kipi si chake. Kwa kinga hiyo mbegu ni wageni. Ndiyo maana ndani ya korodani seli za Sertoli zimeshikana kama ukuta kuzificha, na nje ya ukuta huo, jirani na seli za Leydig zinazotoa homoni ya kiume, wapo makrofaji: seli za kinga ambazo dume akiwa mzima kazi yao kubwa ni kutuliza mambo.

Vimelea vikiingia, hasa brusela (bakteria wanaotupisha mimba), au dume akipigwa teke, utulivu huo unavunjika. Seli za kinga kutoka kwenye damu zinamiminika, kemikali zake zinalegeza ukuta, na homoni inapungua. Joto nalo linapanda, wakati korodani inatakiwa iwe nyuzi 2 hadi 6 chini ya joto la mwili. Mbegu zilizokuwa njiani zinaharibika. Zikivuja nje ya mirija, mwili unaweza kuzizungushia kinundu kigumu kinachoziba njia, na hapo huna dawa. OTC inapambana na bakteria. Mbegu iliyokufa haiifufui.

Sasa hesabu. Kwa ng'ombe, mbegu moja inachukua takribani siku 61 kutengenezwa, kisha siku 8 hadi 11 kupita kwenye mrija wa kukomazia. Jumla ni kama siku 70. Unaanza kuhesabu siku ambayo joto na uvimbe vimekwisha kabisa, SI siku ya sindano! Andika tarehe ukutani. Na acheni kukanda korodani kwa maji ya moto. Mnaongeza joto palepale panapoungua.

Kupima kwa kiganja na kusema "zimelingana" hakutoshi. Dume awe ndani ya kibano. Simama nyuma yake, shika shingo ya mfuko kwa mkono mmoja, sukuma korodani zote mbili taratibu mpaka chini, vidole visiingie katikati yake. Zungusha tepe ya fundi cherehani pale palipo pana zaidi, ikaze kidogo, soma sentimita. Pima kila wiki, siku ileile, mtu yuleyule. Kisha bonyeza kila upande: korodani yenye afya inabonyea kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama jiwe, au imenywea na kulegea kuliko mwenzake, nipigie.

Kabla hata ya kuhesabu siku, atolewe damu apimwe brusela. Dume mwenye brusela hasubiri siku 70, anaondolewa kundini, hata kama uvimbe umekwisha. Tena wapo madume ambao ugonjwa umejificha kwenye korodani na damu inasoma safi. Jike akitupa mimba kundini, mwambie daktari apime na shahawa. Vaeni glavu mnapogusa kilichotupwa, kwani brusela inaingia kwa binadamu pia. Na ile chanjo ya brusela ya S19 wanachomwa mitamba. Dume usimguse nayo, yenyewe inaweza kumvimbisha korodani.

Siku 70 zikitimia, shahawa ipimwe: zinazoogelea mbele zisipungue asilimia 30, zenye umbo zuri zisipungue 70. Zikifika hapo, mwachie majike wachache kwanza, uandike nani kapandwa lini.